Kufuli Mbili, Kamakwa na Mweiga

Jumanne, 9 Desemba

Maziwa ya leo yalikuwa safi isipokuwa mitungi miwili iliyotiwa maji. Nimeirudisha. Mwenye mitungi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetia. Nimezoea.

Baada ya kazi nimeangalia nyumba Ruring'u. Giza ndani hata mchana, na choo cha ploti nzima kiko mkabala na mlango. Hapana. Kisha mtaa wa Skuta. Nzuri, lakini mwenye nyumba hataki watoto. Alisema hivyo kabla sijamaliza kumsalimia.

Bado nalala kwa Kerubo, Kiganjo. Ni binti wa mjomba wangu, na ni polisi. Chumba chake ni cha serikali, haruhusiwi kukaa na mgeni siku nyingi. Mkubwa wake alipouliza mimi ni nani, Kerubo alimwambia ati ni ndugu mgonjwa aliyekuja kutafuta matibabu. Sasa kila nikikutana na huyo mkubwa nakohoa.

Naandika hapa sababu ya kutafuta, nisije nikachoka nikachukua chumba chochote. Kemunto ana miaka mitano. Nilimzaa nikiwa shuleni. Mama akamchukua ili nimalize Kidato cha Nne, halafu ikaja kozi ya kupima maziwa, halafu kazi ya Murang'a, na tangu mwezi uliopita kazi hii ya Nyeri. Kila mara nilisema ni kwa muda. Mama amekubali aje kwangu shule zikifunguliwa Januari, mradi niwe na mahali. Nikikosa, anaanza shule kule Kisii, na Mama hatamtoa darasani katikati ya mwaka. Nadhani akianza kule hatatoka tena. Sina ushahidi. Nadhani tu.


Alhamisi, 11 Desemba

Shida ni alfajiri. Lazima niwe kiwandani kabla lori la kwanza halijafungua mlango. Mtoto ataamka mimi nikiwa nimeshavaa koti jeupe upande mwingine wa mji. Kwa hiyo sitafuti nyumba peke yake. Natafuta nyumba yenye mtu jirani wa kumwamsha, kumpa uji na kumpeleka shule. Kuajiri msichana wa kazi siwezi, na hata ningeweza, angelala wapi.

Nimemweleza Kerubo haya yote. Akacheka mpaka akaweka kofia yake chini.

"Moraa, sema ukweli. Unatafuta keja ama bwana? Kwa sababu bwana ni rahisi. Huyo hata hahitaji maji ya mfereji."

Sikucheka. Baadaye nikacheka bafuni.

Jioni nimepita King'ong'o wakati watoto wako nje. Ndivyo ninavyofanya sasa, naenda mtaa wakati wa michezo, nasimama kama anayesubiri mtu, nasikiliza. Kemunto anajua Kikisii na Kiswahili kidogo. Pale King'ong'o watoto walicheza kwa Kikuyu mwanzo hadi mwisho. Hawana kosa. Lakini nilimwona Kemunto akilini, pembeni ya uwanja wao, amesimama kama mimi.


Jumapili, 14 Desemba

Nimeipata. Kamakwa.

Chumba na sebule. Vigae sakafuni, maji ndani, choo ndani, geti la chuma linalofungwa. Dirisha linatazama jua. Shule ya chekechea iko nyuma ya ukuta, nimesoma kibao chake. Kutoka hapo hadi kiwandani si mbali, hata kwa miguu nitafika kama kuna mwanga. Nilisimama katikati ya sebule nikamwona Mama akiingia. Nilimwona akitazama chini kwenye vigae na kukosa neno.

Mwangalizi wa ploti anaitwa Ndirangu. Mtu wa maneno machache. Amechukua kodi ya kwanza, akaniambia, "Leta kufuli yako, madam. Bila kufuli mimi sijui mtu."

Hapa ndivyo ilivyo. Milango ina komeo tu, kila mpangaji anakuja na kufuli yake, na mlango ukishafungwa na kufuli ya mtu nyumba imechukuliwa. Nimenunua moja sokoni nikarudi nikaifunga. Ufunguo niliushika mkononi mpaka Kiganjo, ukapata joto.

Sikuuliza habari za majirani. Milango yote ilikuwa imefungwa, nikasema ni Jumapili, wako kanisani.


Jumatano, 17 Desemba

Nimefanya jambo ambalo sina hakika nalo.

Leo msimamizi alinituma Mweiga kuangalia vifaa vya kupimia kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Nikamaliza mapema. Nyuma ya soko nikaona kibao cha "Nyumba ipo" kimeandikwa kwa makaa. Sikuwa natafuta. Nilikuwa na kufuli yangu Kamakwa. Nikaingia.

Ni safu ya vyumba vya mawe ndani ya boma la mwenye nyumba mwenyewe, Mama Shiku, mjane mwenye ng'ombe watatu na sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Chumba kimoja kikubwa. Sakafu ya simenti. Maji ni ya tangi, nje. Baridi inaingia chini ya mlango, inatoka moja kwa moja msituni Aberdare. Ningeondoka hapo hapo.

Lakini chumba kinachofuata kinakaa mwalimu wa chekechea, Nekesa, ametoka Kakamega. Ana watoto wawili. Huondoka nao kila asubuhi kwenda shule anayofundisha, nyuma ya kanisa. Watoto wote wa lile boma wanacheza pamoja kwa Kiswahili, kile kibovu kizuri cha watoto, "kitabu yangu" na "niko na kiu". Nilimweleza Nekesa hali yangu nikitarajia aseme pole. Akasema, "Mimi natoka na wangu wawili. Nikitoka na watatu nitajua tofauti? Mlete."

Nilimshukuru mara mbili.

Nikanunua kufuli ya pili, ileile aina moja, nikaifunga pale. Mama Shiku akaniuliza, "Unaingia lini, mami?" Nikasema, karibuni. Nikampa pesa kidogo ya kushika nyumba. Nilijiambia ni kwa siku chache, mpaka nipime vizuri zote mbili. Sasa nina nyumba mbili na nalala sakafuni kwa Kerubo.


Alhamisi, 18 Desemba

Tatizo la Mweiga ni barabara. Kabla ya mapambazuko gari linaloshuka kutoka kule mapema kiasi cha kunifaa ni moja tu, lori la maziwa linalokuja kiwandani kwetu. Nimemwomba msimamizi ruhusa ya kulipanda. Aliweka kikombe chini.

"Wewe unapima maziwa. Halafu unataka kuja kazini juu ya maziwa unayoyapima. Na siku nitakapoambiwa umepitisha ya maji kwa sababu dereva alikupa kiti cha mbele?"

Ana haki. Sikuwa nimelifikiria. Niliona haya mpaka masikio.

Basi Mweiga imekwisha. Kamakwa ndiyo. Sijaenda kutoa kufuli ya Mweiga, lakini. Nitaenda.


Jumapili, 21 Desemba

Sijaenda.

Mama amepiga simu. Atamleta Kemunto mwenyewe, Ijumaa tarehe 2 Januari. Watapitia Nakuru na Nyahururu, wafike kabla jua halijazama maana Sabato ikiingia Mama hayuko barabarani kwa ajili ya mtu yeyote. Atalala hadi Jumapili. Shule ni Jumatatu.

Kisha akasema, na alisema bila ukali, ndiyo maana siwezi kulisahau, "Nikikuta ni mahali pa mtoto, nitamwacha. Nikikuta ni kitanda na mlango wa kufunga, tutarudi wote wawili."

Nikaomba nizungumze na Kemunto. Nikasikia pumzi. Nikamuuliza anataka nimnunulie nini. Akasema kwa Kikisii, "Muulize Mama." Mama ni mama yangu. Ndivyo anavyomwita. Mimi ananiita Moraa kama watu wengine.


Jumatano, 24 Desemba

Ndirangu amepiga simu mara mbili. Kuna mtu wa benki anaitaka nyumba. Niingie au afungue. Mama Shiku hajapiga simu hata mara moja, nami nimechukulia hiyo kama dalili kwamba ana subira.

Nimechagua Kamakwa. Nilikaa kitandani kwa Kerubo nikajiuliza Mama akifungua mlango ataona nini, nikaona vigae. Basi. Jirani nitampata. Watu ni watu kila mahali.

Tumehamisha kwa pikapu ya rafiki wa Kerubo. Godoro, jiko, sufuria, ndoo, kitanda kidogo nilichonunua kwa fundi wa Kamakwa. Kerubo aliketi nyuma na sare yake akishika kitanda, na kila tulipopita watu walifikiri tumekamata mtu.

"Wanadhani umeiba kitanda cha mtoto," akanipigia kelele. "Lia kidogo tuwe wa kweli!"

Nimefurahi leo. Naandika ili nikumbuke kwamba nilifurahi.


Ijumaa, 26 Desemba

Krismasi nilikuwa kazini. Ng'ombe hawana sikukuu.

Leo nimegonga milango. Wa kwanza ni kijana wa kompyuta, anatoka baada yangu lakini harudi mpaka usiku. Wa pili hakufungua, nilisikia televisheni ikipunguzwa sauti. Wa tatu ni mama mwenye mtoto mchanga, mstaarabu sana, alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameushika mlango. Akasema, "Pole. Hapa kila mtu na mlango wake, lakini utazoea." Akafunga taratibu, kwa heshima.

Ile chekechea ya nyuma ya ukuta nimeiuliza. Lango linafunguliwa mimi nikiwa nimeshapima malori mawili. Nikauliza kama kuna mwalimu anayekaa karibu. Mlinzi akacheka. "Walimu wanakaa mbali, dada. Hapa ni ghali."


Jumapili, 28 Desemba

Siku mbaya.

Asubuhi nilifanya jaribio. Nilijiandaa kwenda kazini kana kwamba Kemunto yupo. Niliandaa uji nikaufunika. Nilijifanya kumwekea nguo kwenye kile kitanda kidogo. Kisha nikafika mlangoni, nikashika kufuli, na nikaelewa kwamba nikitoka mlango huu, njia ni mbili tu. Nimfungie mtoto ndani kwa nje, au nimwache na mlango wazi. Nilisimama gizani nikiwa na kufuli mkononi.

Kwenye vigae, miguu ilikuwa baridi kuliko nilivyokumbuka.

Kazini sikukosea kipimo hata kimoja, sijui vipi. Nilipotoka nikaenda moja kwa moja Mweiga. Njiani nilipanga maneno. Kwamba nilichelewa kwa sababu ya kazi. Kwamba naingia kesho.

Kufuli yangu haikuwepo mlangoni. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani, ukuta hadi ukuta, viazi. Viazi vya mbegu, vimetandazwa juu ya mbao na magunia, vimepangwa macho juu kama watu waliokaa wakisubiri mkutano uanze.

Mama Shiku alinikuta nimesimama.

"Aa, mwenye kufuli! Nilikata na msumeno. Iko pale dirishani, chukua, ni chuma yako."

Nikamwambia nilikuwa nimeishika nyumba.

"Ulishika mlango. Nyumba haukushika. Hata ndoo hukuweka. Hata ufagio! Mimi nikasema huyu ama amekufa ama ameolewa, na yote mawili siwezi kungojea. Nimevuna mbegu, sina pa kuweka. Viazi vimeingia siku hiyo hiyo nilivuna. Viko na adabu kuliko wewe."

Pesa yangu alinirudishia, yote, kutoka kwenye fundo la leso, kabla sijamwomba. Hiyo ndiyo iliniliza. Nikamuuliza vitatoka lini. Vitapandwa mvua ndefu zikija. Machi.

Ndivyo watu wa hapa wanavyojua, na mimi sikujua. Kule Kamakwa kufuli ni neno la mtu. Mweiga ni chuma tu, mpaka kuwe na kitu chako ndani. Sikuuliza. Nilidhani nikiwa na ufunguo wa nyumba mbili niko salama mara mbili.


Jumatatu, 29 Desemba

Sijalala vizuri. Ijumaa iko karibu.

Nimeingia kwa msimamizi tena. Safari hii nilikuwa nimefikiria. Nikamwambia, lori la Mweiga lipimwe na mwenzangu Mutua, mimi nichukue lake la Othaya. Nikishuka kwenye lori la Mweiga nisiguse hata mtungi wake mmoja, na jambo hili liandikwe ubaoni kila mtu aone. Alichezea kalamu. Akauliza kwa nini Mweiga, watu wote wanakimbilia mjini. Nikamwambia nina mtoto. Ni mara ya kwanza kulisema pale kazini. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Amekubali kwa mwezi mmoja, kisha tutaangalia.

Kwa hiyo sasa nina usafiri wa kwenda kwenye nyumba iliyojaa viazi.


Jumanne, 30 Desemba

Nimerudi Mweiga. Nilimkuta Mama Shiku akikamua. Sikumsubiri amalize kwa sababu ningepoteza ujasiri. Nikamwambia, nipangishie chumba na viazi ndani yake.

Aligeuka taratibu, mkono bado kwenye chuchu.

"Ati?"

Nikaeleza. Visogezwe ukuta mmoja, vipangwe kwa ghorofa juu ya mbao. Mimi na mtoto tutakaa upande mwingine. Nitavitunza. Nitachagua vinavyooza.

Alimwita Nekesa aje asikie. Akaita na mkamuaji wa jirani aje asikie. Wakacheka, na ng'ombe akasogea kwa sababu ya kicheko chao, na ndoo ikaponea chupuchupu. Nilisimama nikasubiri. Nekesa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akamwambia, "Mama Shiku, mtu anayekubali kulala na mbegu yako kwa miezi miwili, na wala humlipi."

Masharti yake: jua lisivipige viazi, pazia libaki. Moshi usivifikie, kwa hiyo kupika ni nje, kwenye kibanda chake. Kila Jumapili nigeuze na kutoa vilivyooza. "Na ukila hata moja nitajua." Sijui atajuaje. Naamini atajua.

Nimempigia Ndirangu. Kodi ya kwanza harudishi. Sikubishana. Alisema tu, "Madam, Kamakwa unatoka kwenda Mweiga? Watu huenda huku, hawaendi huko."


Jumatano, 31 Desemba

Tumehamia. Kerubo alisukuma viazi na mimi hadi giza likaingia, akalalamika kila kiazi. Anasema chumba kinanuka shamba lililolimwa jana. Ni kweli. Niliweka ndoo kwanza ndani, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha ufagio. Kisha nikafunga kufuli.


Ijumaa, 2 Januari

Wamefika. Nitaandika yote kwa mpangilio la sivyo sitalala.

Nilisimama barabarani tangu mchana kwa sababu gari la Nyahururu hupitia hapa kabla ya kufika mjini. Sikula. Kila gari lililosimama nilipiga hatua mbele kisha nikarudi. Mwishowe Mama akashuka, na mkungu wa ndizi, na mfuko wa mboga za chinsaga, na Kemunto mgongoni amelala. Amekuwa mrefu. Miguu yake inaning'inia. Nilinyoosha mikono nimpokee. Mama akasema, "Mwache, ataamka," akanipa ndizi.

Mama aliingia ndani akasimama. Aliviangalia viazi kutoka pembe hadi pembe. Akakiangalia kile kitanda kidogo. Akaviangalia viazi tena.

"Ni nani analala na mbegu?"

"Mimi."

Alimlaza Kemunto, akavua viatu, akaenda kuchukua kiazi kimoja na kukigeuza kwenye mwanga. Nilitaka kumwambia asiguse. Aliuliza wanapanda lini huku. Nikamwambia. Akakirudisha mahali pake palepale, macho juu.

Jua lilipokuwa linazama Mama Shiku alileta maziwa. Walisalimiana kwa Kiswahili cha kila mmoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Mama Shiku alisema viazi vya Kisii ni maji matupu. Mama alisema ndizi za Nyeri ni za kulisha nguruwe. Baada ya hapo walikaa pamoja hadi chai ikaisha.

Kemunto aliamka, akanitazama, akamtafuta Mama kwa macho. Akarudi kulala.

Sijui Mama ameamua nini. Hajasema. Naogopa kumuuliza.


Jumamosi, 3 Januari

Sabato. Hatukupika. Tulisali chumbani.

Mchana Mama alimwita Nekesa. Akamweka kwenye kiti pekee, yeye akakaa kitandani, akamhoji kama mahakamani. Utamwamsha vipi? Ukigonga kwa nguvu anashtuka, anakojoa. Utampa uji wa moto au wa vuguvugu? Akisema ameshiba hajashiba, mpe dakika. Asivalishwe sweta ya sufu bila fulana, inamwasha shingoni. Akikasirika haongei, usimlazimishe. Nekesa aliitikia kila jambo kwa heshima, "Ndiyo mama, ndiyo mama," na mwisho akauliza maswali mazuri zaidi ya yangu.

Mimi nilisimama karibu na viazi. Yote hayo sikuyajua. La sweta sikulijua. La kukojoa sikulijua. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza, na hawakukosea. Ningejibu nini.

Niliumia. Pia nilisikiliza kwa makini na usiku nimejirudia moja moja hadi nimeyashika.


Jumapili, 4 Januari

Nilikuwa nimebadilishana zamu na Mutua.

Asubuhi Mama akasema, akiwa anakunja leso, kana kwamba ni jambo la kawaida, "Nitamwacha mwezi mmoja wa kwanza. Akikonda nitajua." Basi ndivyo alivyoamua. Sikuwa na mahali pa kuiweka ile furaha, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuhitaji.

Niliporudi watoto wa Nekesa walikuwa wamemchukua Kemunto kwenda kumwona ndama. Mama alikuwa amevaa viatu na mfuko begani.

"Naondoka sasa akiwa hayupo. Ni afadhali."

Kwetu hufanywa hivyo. Mtu mzima huchomoka mtoto akicheza au amelala, asilie. Ndivyo tulivyoachwa wote, ndivyo sisi wote tulivyoamka tukatafuta mtu chini ya kitanda. Nilisema hapana. Sijawahi kumwambia Mama hapana nikiwa nimesimama mbele yake.

"Hujui kilio cha huyu mtoto," akasema.

"Basi nitakijua leo."

"Moraa, nitashindwa kupanda gari."

"Utashindwa, utapanda. Lakini akuone."

Tulizungumza kwa sauti ya chini kama wezi. Alikasirika. Niliona midomo yake. Kisha akaweka mfuko chini akasema, "Nenda umwite basi, wewe mjuaji."

Nilikwenda nikamleta. Mama akachuchumaa, akamshika mashavu, akamwambia kwa Kikisii kwamba anarudi nyumbani, kwamba Kemunto anabaki, kwamba atakuja mwezi ukiisha. Kemunto alimsikiliza kwa makini sana. Alitikisa kichwa kukubali. Tukamsindikiza hadi barabarani vizuri, nikaanza kufikiri imekuwa rahisi.

Gari lilipoondoka ndipo alipoelewa. Kilio kile sikuwa nakijua, Mama alisema kweli. Alikimbia barabarani, nikamshika, akaning'ata mkono, nikamshika. Watu wa soko walisimama kutazama. Mwanamke mmoja muuza kabichi aliuliza kwa sauti kama mtoto ni wangu kweli. Nikasema ni wangu. Nilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mpaka jioni alikaa kati ya ukuta na mbao za viazi, hataki chakula, hataki kuitwa. Sikumlazimisha. Nilikaa sakafuni upande wangu. Ilikuwa zamu ya kugeuza viazi, nikavigeuza. Kilichooza kilikuwa kimoja. Baadaye kidogo akaanza kunikabidhi vilivyo upande wake, kimoja kimoja, bila kunitazama.

Mkono una alama za meno. Nimeupaka mafuta.


Jumatatu, 5 Januari

Nilimwamsha kabla ya kuondoka, aone ninavyotoka. Nilimweleza nani atakuja kugonga, na kwamba atagonga polepole. Alikuja na blanketi hadi mlangoni. Nje kulikuwa na baridi ya kukata. Nekesa alikuwa ameshawasha taa yake. Nilipanda lori, sikugeuka mara ya pili.

Kazini nilipima la Othaya. La Mweiga sikulisogelea. Mutua alirudisha mtungi mmoja. Saa ya chai hakuna aliyeniuliza kitu. Nilifikiri juu ya fulana, kama nimeitoa au nimeisahau kwenye begi. Nilikuwa nimeitoa.

Nimerudi alasiri. Nilimkuta kwa Nekesa, nje, kwenye benchi na wale wawili, wanakula githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sinia moja. Sare bado mwilini, soksi moja haipo. Aliniona tangu getini. Hakuja mbio. Aliendelea kutafuna. Nilipofika karibu akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi mwishoni.

Nimeketi. Githeri ilikuwa na chumvi nyingi.